Furushi Chini ya Godoro

Waya wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko uzi wa kushonea viatu, na Fundi Upepo, aliyeishi na vipimo vya presha ya matairi miaka kumi na tisa, hakuona kitu kama kile kingewezaje kusema neno la maana. Uliingia kichwani mwa binti yake juu kidogo ya kipaji cha uso, upande wa kulia, ukafungwa bendeji, kisha ukapita nyuma ya sikio na kwenda kuchomekwa kwenye mashine yenye kioo kidogo. Kiooni palikuwa na namba moja tu ya kijani. Kumi na moja. Kisha kumi. Kisha kumi na mbili.

"Hiyo ndiyo nini sasa?" akauliza.

"Ndiyo presha ya ndani ya kichwa," akasema daktari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, mmoja wa wale watu ambao hawajapata kuhitaji kufoka ili wasikilizwe.

"Mbona ndogo? Gari dogo tu nalijaza thelathini."

Daktari akacheka kidogo. "Kichwa si tairi, baba Chiriku. Kichwa kikifika thelathini sisi tunakimbia. Kumi na tano kushuka chini ni salama. Ikivuka ishirini na kung'ang'ania hukohuko, mtoto ana shida."

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, na sababu ilikuwa mdomo. Tangu alipojua kusema hakuupumzisha. Alikuwa na miaka tisa. Alipokuwa mchanga maji yalimjaa kichwani yakakosa pa kutokea, akawekewa mrija chini ya ngozi wa kuyashusha mpaka tumboni. Mrija ukafanya kazi yake, mtoto akakua, akaanza shule, watu wakasahau. Sasa ilikuwa miezi mitatu anaamka kichwa kinamuuma, anatapika, halafu ikifika saa nne asubuhi yu mzima anaruka kamba. Mwalimu wake alisema maumivu yanayoondoka saa nne ni maumivu ya hesabu, maana hesabu ndicho kipindi cha kwanza. Picha ya kichwa ilitoka safi. Daktari wa macho alimulika, akamulika tena, akasema hajashtuka lakini pia hajaridhika.

"Mrija unaweza kuziba nusunusu na picha isioneshe kitu," daktari akaendelea. "Ndiyo maana ya waya huu. Tukikuta presha iko juu, namwekea mrija mpya wiki hiihii, kabla macho hayajaharibika. Macho yakishaharibika kwa jambo hili, hakuna wa kuyarudisha. Tukikuta iko sawa, nautoa waya, mnakwenda nyumbani kwenu, na kichwa hakiguswi tena. Ila mashine ninayo hii moja. Jumatano saa sita mchana inakwenda kwa mtoto mwingine, tayari kalazwa wodi ya pili anaisubiri."

"Siku mbili, basi."

"Siku mbili. Mchana akae, acheze, apige soga zake. Akilala, alale chali, kitanda kiwe sawa, kisiinuke kichwani, na mto huu mwembamba tu. Nataka kuona kichwa chake kikilala kinafanya nini."

Bibi, mama yake Fundi Upepo, alikuwa ameketi kwenye benchi na furushi lake la nguo magotini. Yeye ndiye angelala wodini, maana usiku wodi ya watoto haikuruhusu wanaume, na mama Chiriku alikuwa na kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja asiyejua maana ya ruhusa. "Tumesikia, mwanangu," Bibi akamwambia daktari. Na kweli alikuwa amesikia.

Sasa yapo mambo yasiyopendeza ambayo lazima yasemwe mapema. Fundi Upepo alikuwa anaomba namba iwe ndogo. Aliomba kwa ajili ya mtoto, asipasuliwe tena, na hilo mzazi yeyote angeliomba. Lakini aliomba pia kwa ajili yake mwenyewe. Wiki tatu nyuma, asubuhi ya mtihani wa hesabu, Chiriku alikataa kuamka. Baba yake akamshika mkono akamtoa kitandani, akamvalisha sare kwa nguvu, akamkokota mpaka shuleni akimwambia njia nzima, "Acha maigizo. Likizo yote kwa bibi yako hukuumwa hata siku moja, shule ikifunguliwa tu kichwa kinaota." Langoni mtoto akatapika mbele ya wenzake, kwenye viatu vya baba. Wenzake wakacheka. Fundi Upepo alipangusa viatu kwa majani, akamsukuma ndani, akaenda kazini.

Namba ikiwa ndogo, alikuwa baba mkali tu, na baba wakali wamejaa tele. Ikiwa kubwa, hakujua angejiita nani.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, alifunga kibanda chake akaenda hospitali na mafuta meusi bado kwenye kucha. Karatasi ya nesi ilikuwa imening'inizwa miguuni mwa kitanda, na Fundi Upepo akaisoma kwa kidole. Saa tatu usiku, nane. Saa sita, tisa. Saa tisa, saba. Pembeni nesi ameandika kwa mwandiko wa haraka: amelala, kitanda sawa.

"Umeona mwenyewe," Bibi akasema, ameketi wima kama aliyetoka kutuzwa. "Mke mwenzangu huyu amelala kama mzigo. Hata kujigeuza hakujigeuza."

"Na kichwa?" Fundi Upepo akamuuliza binti yake.

Chiriku alikuwa amekaa kitandani anachora nyumba yenye madirisha kumi na saba. "Hakiumi. Baba, yule wa kitanda cha dirishani anajua kupiga mluzi na meno yake yote ya mbele yametoka. Na nesi wa asubuhi ana viatu vinavyolia kama panya. Na mashine yangu nikicheka inapanda, nikinyamaza inashuka, ngoja nikuoneshe." Akacheka cheko la uongo. Namba ikaruka mpaka kumi na tano, ikarudi sita.

"Kwa hiyo hapa hakiumi."

"Hapa hakiumi."

"Hapa pasipo na shule," akasema baba yake.

Alilisema kwa utani, au alijiambia ni utani. Chiriku akarudi kwenye madirisha yake. Akachora mawili zaidi.

Bibi akamvuta mwanawe shati. "Mwanangu, ulimi hauna mfupa, lakini si lazima uutembeze kila mahali."

Jioni nyumbani mama Chiriku alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, maana kupiga pasi ni kazi ya kusimama. Mumewe akamsomea namba zote. Alikuwa amezinakili kwenye pakiti tupu ya viraka vya tairi. Akamaliza kwa kusema, "Sasa je, si nilisema?"

"Ulisema nini?"

"Kwamba mrija hauna neno."

"Hukusema mrija hauna neno. Ulisema mwanangu mwongo."

"Usianze."

"Sianzi. Nauliza ili nijue nitamwita nani kesho akirudi." Aliongea bila kupandisha sauti, akiangalia maji. "Mimi ndiye ninayefua mashuka aliyotapikia. Mtu haigizi matapishi, baba Chiriku. Nimejaribu mwenyewe siku moja bafuni kuona kama inawezekana. Haiwezekani."

Fundi Upepo akasema kipimo ni kipimo. Yeye kazini mtu akimwambia tairi lina upepo wa kutosha, hambishii; anachomeka geji, basi, mjadala umekwisha. Mkewe akamjibu kwamba anafurahi kusikia hivyo, akatoa miguu kwenye beseni na kwenda kulala. Furaha ya Fundi Upepo ikabaki pale sebuleni bila mtu wa kuifurahia naye.

Jumatano aliamka mapema awahi msafara wa madaktari. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa bado, lakini bawabu aliwahi kuzibiwa pancha ya baiskeli bure, na wema hauozi. Akafungua lango upande mmoja na kuangalia kwingine.

Wodini taa zilikuwa zimezimwa, mwanga wa asubuhi unaingia. Chiriku alikuwa amelala. Bibi alikuwa ameinama kichwani mwa kitanda, mkono mmoja umeinua godoro pamoja na mtoto aliyekuwa juu yake, mkono mwingine unavuta kitu kwa chini. Kikatoka: lile furushi lake, limekazwa kwa fundo, nene kama gunia la nusu. Godoro likashuka taratibu na kichwa cha mtoto kikashuka nalo.

Fundi Upepo akasimama palepale. Alikuwa anaangalia kioo. Nane. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na sita. Namba ilikuwa inapanda bila haraka, wala mtoto hajacheka wala kukohoa. Chiriku akakunja uso usingizini. Bibi, ambaye ni wazi haikuwa mara yake ya kwanza, akamwamsha haraka na kumkalisha, akampa kikombe cha maji. Sita. Tano.

"Mama," akasema Fundi Upepo.

Bibi akashtuka, kisha akajikusanya. "Umeingiaje saa hizi?"

"Hilo furushi lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa wapi tena? Si nguo zangu hizi."

"Mama."

Bibi akaketi kwenye benchi. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kutosema mpaka aulizwe mara mbili. "Jumatatu jioni nesi alimlaza sawa, kama walivyotaka. Haikutimia nusu saa mtoto anashika kichwa, ananiambia bibi kinaanza. Nikaangalia kioo, ishirini na nne. Si nilisikia daktari anasema ikivuka ishirini ni shida? Nikamwekea furushi kama ninavyomwekea kwangu. Ikashuka, mwanangu, macho yangu yakiona, ikashuka mpaka tisa. Nikashukuru Mungu, nikalala. Jana vilevile. Wao wanataka namba ndogo, nimewapa namba ndogo. Kosa langu liko wapi?"

"Kwako pia unamwekea?"

"Tangu anatambaa. Huyu akilala chini hapati usingizi, nani asiyejua?"

"Mimi sijui."

"Hukuuliza. Unamleta likizo, unamchukua likizo imekwisha, unaniuliza amekula, nakwambia amekula."

"Na nesi? Hukumwambia?"

"Nesi ana vitanda kumi na vinne. Akipita na tochi anaangalia kioo, anaandika, anakwenda zake. Na ningemwambia angelitoa. Siku ya kwanza tu alinisema mbele za watu kwa kuweka chupa ya chai kitandani. Ndiyo maana asubuhi naliondoa kabla hawajaja." Akalipapasa furushi. "Ningemwacha alie usiku kucha, mimi nimekaa hapa namwangalia?"

Fundi Upepo akaketi pembeni yake. Kila fundi wa matairi anajua kwamba gari likiwa juu ya jeki, tairi linalovuja kidogokidogo huonekana zima. Unalizungusha, unalipiga ngumi, halina neno. Mpaka ulishushe gari, uzito ukae mahali pake, ndipo lianze kulala. Siku mbili mashine ilikuwa inampima mtoto akiwa juu ya jeki. Na likizo yote kwa bibi yake, ile likizo aliyoitoa kama ushahidi njia nzima mpaka langoni mwa shule, ilikuwa jeki vilevile.

"Mwanangu," Bibi akasema kwa sauti ya chini, maana sasa alikuwa amesoma uso wake, "usinitie aibu mbele ya hawa watoto wa juzi."

Fundi Upepo akaitazama karatasi ya nesi. Hatukuja kumsifu mtu huyu hapa, kwa hiyo isemwe pia kwamba alifikiria kunyamaza. Alifikiria kwa muda wa kutosha. Daktari angekuja, angesoma karatasi, angetoa waya, na saa sita mashine ingekwenda wodi ya pili. Angemrudisha mtoto nyumbani bila kisu. Mama yake asingeaibika. Na yeye angebaki baba mkali aliyekuwa na haki. Chiriku alikuwa anakunywa maji na kumwangalia juu ya ukingo wa kikombe.

Saa tatu msafara ukaingia: daktari, nesi mwenye viatu vinavyolia, na wanafunzi watatu wa udaktari wenye madaftari. Fundi Upepo akasimama, akaamkia. Daktari akaichukua karatasi, akaipitia mara mbili.

"Habari njema," akasema. "Ukiacha vicheko vyake, siku mbili, usiku na mchana, haijapita kumi na mbili. Mrija unafanya kazi. Tunautoa waya sasa hivi." Kisha akachuchumaa ili macho yake yalingane na ya mtoto. "Binti, shuleni kuna kitu kinakusumbua? Au mtu? Unaweza kuniambia mimi."

"Hakuna," akasema Chiriku.

"Una uhakika?"

"Kinauma kweli." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja jina lake ofisini kwa mara ya kumi.

Daktari akampigapiga goti na kusimama, akamgeukia nesi kumwambia alete vifaa. Fundi Upepo akapiga hatua moja mbele.

"Daktari, usiutoe. Hiyo karatasi si ya kweli."

Wote wakamgeukia. Bibi akakaza fundo la furushi ambalo tayari lilikuwa limekazwa.

"Si ya kweli vipi?"

"Usiku wote miwili alikuwa ameinuliwa. Kulikuwa na furushi chini ya godoro. Mimi ndiye niliyemwagiza mama aliweke. Yeye alinisikiliza mimi tu, hana kosa."

Nesi alimtazama Bibi, kisha akaitazama karatasi, palipoandikwa kwa mwandiko wake kitanda sawa. Daktari alimtazama Fundi Upepo muda mrefu. Huenda hakuamini, lakini kulikuwa na mwanamke mtu mzima kwenye benchi ameinamisha kichwa, na daktari naye alikuwa na mama.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka namba iwe ndogo," akasema Fundi Upepo. Na hilo halikuwa uongo.

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Matairi."

"Mteja akikuchezea geji yako unamfanyaje?"

"Namfukuza."

"Mimi siwezi kukufukuza." Sauti yake haikupanda hata nukta, na afadhali ingepanda. "Nimemtoboa mtoto wako kichwa ili nijue ukweli, na ukweli wenyewe umeukalia wewe. Yule wa wodi ya pili amesafiri siku nzima, hajala tangu jana usiku akisubiri mashine hii, na siwezi kumwambia arudi kesho." Mwanafunzi mmoja akaandika kitu daftarini. Mwingine akakaza midomo ili asicheke. Wazazi wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kuongea. Fundi Upepo alisimama pale na mikono yake yenye mafuta nyuma, akasema ndiyo, daktari, ndiyo, daktari, samahani, daktari.

Daktari akaangalia saa. "Mpaka saa sita. Mlazeni sasa. Sawa kabisa. Hakuna wa kumgusa mpaka niseme mimi."

Fundi Upepo alimlaza yeye mwenyewe. Akampangusa jasho kidogo usoni, akanyoosha mto mwembamba, akaangalia waya usikunjike.

"Baba, kitauma," Chiriku akasema.

"Najua."

"Hutasema naigiza?"

"Sitasema."

Kumi na moja. Kumi na nne. Chiriku alianza na hadithi ya yule mpiga mluzi, kwamba mama yake amemwahidi meno mapya yatakuja kabla ya mvua, lakini hadithi haikufika mwisho. Kumi na saba. Akafumba macho. Wengine wodini walirudi kwenye mambo yao, uji ukagawiwa, sakafu ikapigwa deki. Ilipofika saa nne kasorobo kioo kilisoma ishirini na mbili. Bibi alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Bibi," mtoto akaita. "Niwekee."

Bibi akasimama. Nesi akasema, "Kaa, mama yangu, tafadhali," na alisema kwa upole ambao hakuwa nao siku ya chupa ya chai. Bibi akabaki amesimama katikati, si benchi si kitanda. Akamwinamia mwanawe sikioni. "Mzigo ulikuwa wangu," akamnong'oneza. "Ulinibebea kwa nini?"

"Nenda ukapumzike nje, mama. Nipo."

Akatoka. Walimsikia ukumbini akipenga kamasi.

Ishirini na sita. Ishirini na tisa. Fundi Upepo alikuwa amepiga magoti sakafuni ili uso wake uwe karibu na wa binti yake, akimshikia beseni. Chiriku alitapika mara moja, kidogo, bila kelele, kama mtu aliyezoea kutosumbua watu. Baba akampangusa. Wakati huo alielewa kwamba hajawahi kumwona mtoto huyu akiumwa. Alikuwa amemwona akikataa kuamka, akichelewa, akilialia; alikuwa amepita mlangoni na funguo mkononi. Kukaa karibu hivi, dakika baada ya dakika, hakuwahi.

Mama Chiriku alifika na harufu ya nguo za moto, ameacha pasi mezani bila kumuaga dobi. Mumewe alikuwa amempigia simu na kumwambia maneno manne tu. Alisoma kioo. Akashika miguu ya mtoto kupitia shuka na kusimama hivyo.

"Baba," Chiriku akasema, macho yamefumba. "Iko ngapi?"

"Thelathini na tatu."

Akafikiri. "Basi siku ya mtihani ilikuwa zaidi ya hapo."

Daktari alikuwa amerudi, amesimama nyuma yao, hawakumsikia akiingia. Akaandika namba, saa, na namna mtoto alivyolala. "Inatosha," akasema. "Mwinueni. Kesho asubuhi anaingia wa kwanza, nambadilishia mrija." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Umesema kwa wakati, baba. Macho yake bado tunayo." Nesi akazungusha mkono wa kitanda, kichwa cha kitanda kikapanda, na ile namba ikaanza kushuka, ishirini na nane, ishirini na moja, kumi na tano. Robo saa baadaye wakaja kuchomoa mashine na kuisukuma kuelekea wodi ya pili, gurudumu lake moja likigoma.

Chiriku alikuwa ameegemea mito mitatu, rangi imeanza kumrudia. Bibi alikuwa amerejea na kuanza kumsuka upande ambao haukuwa na bendeji. Fundi Upepo bado alikuwa magotini, maana akisimama angelazimika kumwangalia mkewe.

"Nisamehe, mama," akamwambia binti yake.

Chiriku akamtazama kwa kushangaa kidogo, kama anayeulizwa kitu rahisi. "Lakini baba, ulikuwa hujui. Hukuwa na mashine."

"Nilikuwa najua," akasema Fundi Upepo. "Uliniambia. Kila asubuhi uliniambia."